Barua ya wazi: Kisomeni kitabu cha adhabu

Kwa Waziri wa Elimu, Sayansi na Teknolojia. Kwa Waziri mwenye dhamana ya TAMISEMI. Na kwa Kamishna wa Elimu, Tanzania Bara.

Waheshimiwa,

Nawasalimu kwa heshima. Mimi ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, mkoani Tabora. Nimefundisha miaka 31, minane ya mwisho nikiwa mwalimu mkuu. Nawaandikia kuhusu daftari moja ambalo kila shule inatakiwa kuwa nalo, ambalo ninyi mnaweza kuliomba siku yoyote mkaletewa, na ambalo katika utumishi wangu wote sikumwona kiongozi hata mmoja akikaa chini kulisoma.

Ni kitabu cha adhabu.

Kanuni za Adhabu ya Viboko, zilizotungwa mwaka 1979 chini ya Sheria ya Elimu na kurekebishwa mwaka 2002, zinasema mwanafunzi achapwe kwa kosa kubwa tu la nidhamu. Zinasema viboko visizidi vinne. Zinasema achape mwalimu mkuu, au mwalimu aliyeruhusiwa na mwalimu mkuu kwa maandishi, na msichana achapwe na mwalimu wa kike, isipokuwa shule isiyo na mwalimu wa kike. Kisha zinataka kila adhabu iandikwe: jina la mwanafunzi, kosa, idadi ya viboko, jina la aliyechapa. Mwalimu mkuu anatia saini.

Watafiti huhangaika miaka na miaka kutafuta fedha ili wajue kitu kimoja: mtoto alifanya nini, na mtu mzima alimjibuje. Serikali yetu imekwisha kuagiza jambo hilo liandikwe katika kila shule. Lipo kwenye kabati la chuma, chini ya maboksi ya chaki na mpira uliopasuka. Kila mara tulipotembelewa na wakaguzi, ambao siku hizi ni wathibiti ubora, kitabu kiliombwa, kikafunguliwa, saini ikaangaliwa kama ipo, kikafungwa. Nilipewa alama nzuri kwa sababu nilisaini.

Nami sikukisoma mpaka mwaka wangu wa tatu wa ukuu. Ilikuwa likizo ya Desemba, mvua imewapeleka watu mashambani, nikawa ofisini peke yangu napanga nyaraka. Nikakifungua bila sababu. Nikaanza ukurasa wa kwanza, na nilipoinua kichwa ilikuwa saa kumi jioni.

Saini zote ni zangu, lakini nilikuwa kama nasoma habari za shule nisiyoijua. Kosa: kuchelewa. Kosa: kuchelewa. Kosa: kuchelewa. Kupiga kelele. Hakufanya zoezi la nyumbani. Kuchelewa. Nguo chafu. Utoro. Kuchelewa. Yale makosa makubwa ambayo kanuni imeyakusudia, nilihangaika kuyaona. Nikachukua karatasi, nikaanza kuandika majina yanayojirudia, na kando ya kila jina nikaandika kitongoji anachotoka. Wachelewaji wengi wanatoka kitongoji kimoja, ng'ambo ya bonde. Nikatazama tarehe. Wanachelewa zaidi miezi ya masika, bonde likijaa maji, mtoto anazunguka kwa njia ya juu. Utoro nao ulikuwa na siku yake, siku ya mnada. Mimi nilikuwa nimeusaini mto na mnada kama utovu wa nidhamu.

Kulikuwa na binti wa darasa la nne ambaye jina lake liliandikwa karibu kila juma. Nilikuwa namfahamu kwa uso, mpole kabisa. Shule ilipofunguliwa nilimwita, nikamkalisha, nikamuuliza anaamka saa ngapi. Anaamka saa kumi usiku. Mama yake anakaanga vitumbua, yeye anavipeleka stendi kabla ya jua kutoka, anarudi anavaa sare, anakimbia shule, getini anamkuta mwalimu wa zamu na fimbo. Alikuwa anafanya kazi kabla ya walimu wake hawajaamka, na sisi tukamwandika mvivu.

Kulikuwa na mvulana ambaye kosa lake lilikuwa "kukaidi". Akiitwa, haji. Anaambiwa aandike, haandiki. Alikaa nyuma kabisa ya darasa lenye watoto wengi mno. Nilipomsogelea nikaona sikio lake linatoa usaha. Hakuwa anakaidi. Alikuwa hasikii.

Siandiki haya kujipamba. Nami nimechapa, na watoto wale wawili nimo katika orodha ya waliowachapa. Naandika kwa sababu katika mchana mmoja, na kalamu ya wino na karatasi moja, niliijua shule yangu kuliko nilivyoijua miaka miwili na nusu iliyotangulia. Na nikajiuliza: kama daftari moja linasema haya, madaftari ya shule zote za nchi hii yanasema nini?

Hilo ndilo ombi langu kwenu. Yasomwe. Na yatakayosomwa yageuzwe kuwa sera.

Najua mtaniambia tafiti zipo. Zipo, na nyingine zimefanya kazi kubwa. Mwaka 2009 nchi yetu ilifanya utafiti wa kitaifa kuhusu ukatili dhidi ya watoto, matokeo yakatangazwa 2011. Ilihitaji ujasiri kusema hadharani kwamba karibu wasichana watatu katika kila kumi walikuwa wamefanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18, na mvulana mmoja kati ya saba. Serikali haikuificha taarifa ile. Baadaye ukaja Mpango Kazi wa Taifa wa Kutokomeza Ukatili Dhidi ya Wanawake na Watoto, MTAKUWWA, wa 2017/18 hadi 2021/22, na madawati ya jinsia na watoto yakaenea katika vituo vya polisi. Ule ni mfano wa takwimu iliyozaa mpango, na nawapongeza walioufanikisha.

Lakini utafiti uleule ulisema jambo jingine. Takriban robo tatu ya vijana, wa kike na wa kiume, walikuwa wamepigwa utotoni, na waliotajwa sana kuwa wapigaji, pamoja na wazazi, ni walimu. Takwimu ile haikuzaa kitu kinacholingana na uzito wake. Viboko vinne bado ni halali, kama vilivyokuwa 2002.

Miaka michache baadaye watafiti waliwahoji watoto 409 wa shule ya msingi hapa Tanzania. Asilimia 95 walisema wamewahi kuchapwa na mwalimu. Wengi kiasi hichohicho walisema wamechapwa nyumbani. Na waliochapwa zaidi ndio walioonyesha zaidi ugomvi na ukorofi, na wakawa wazito zaidi wa kuwajali wenzao. Mtu anaweza kusema mtoto mkorofi ndiye anayechapwa, na ni kweli kwamba uchunguzi wa mara moja hauwezi kutenganisha lipi lilitangulia. Ila unatosha kutuondolea uhakika kwamba fimbo inaondoa ukorofi. Ingekuwa inauondoa, pale ambako watoto 95 kwa 100 wamechapwa, tungekuwa tumeshaumaliza.

Badala ya kuongozwa na takwimu, katika jambo hili tumezoea kuongozwa na matukio. Oktoba 2016 ilisambaa video ya mwanafunzi wa sekondari jijini Mbeya akipigwa na walimu waliokuwa kwenye mafunzo kwa vitendo. Nchi nzima ilitetemeka. Agosti 2018 mkoani Kagera, mwanafunzi wa darasa la tano alifariki baada ya kupigwa shuleni. Tukalia tena, maagizo yakatolewa, kesi ikaenda mahakamani. Sisi walimu tulipokea maagizo hayo kwa simu na kwa barua, tukawa waangalifu kwa miezi michache, halafu fimbo zikarudi getini. Tukio huonyesha mwalimu mmoja mbaya. Halionyeshi asubuhi za kawaida za shule za kawaida, ambako hakuna anayerekodi video, na mtoto anapokea viboko viwili kwa sababu bonde limejaa maji.

Naomba mniruhusu nikae kidogo Uganda, kwa sababu huko kuna jambo ambalo kila mwalimu mkuu wa nchi hii angepaswa kulijua. Shirika la Raising Voices la Kampala lilitengeneza mpango wa kuifanya shule yote ibadilike, walimu, wanafunzi, utawala na wazazi, hatua kwa hatua. Hawakutangaza tu kwamba ni mzuri. Wilayani Luwero zilichukuliwa shule 42 za msingi, nusu zikaanza mpango, nusu zikasubiri zamu yao. Baada ya miezi 18 watoto waliulizwa, kila mmoja faraghani, kama katika juma lililopita wamepigwa na mtumishi wa shule. Katika shule zilizokuwa zinasubiri, asilimia 49 walisema ndiyo. Katika shule za mpango, 31. Matokeo yakachapishwa 2015.

Mnaona mambo mawili hapo. La kwanza, 31 bado ni wengi. Hakuna aliyedai ukatili umekwisha, na hiyo ndiyo faida ya kuhesabu, kwamba unajua ulipofika na ulipobaki. La pili ndilo ninalolithamini zaidi. Watafiti walipima pia masomo. Watoto wa shule zilizopunguza fimbo walijisikia salama zaidi shuleni, ila alama zao za kusoma na kuhesabu hazikupanda kuliko za wengine. Wapo watakaosema basi mpango haukusaidia elimu. Mimi nasoma kinyume chake. Kwa miaka 31 nimesikia katika vikao vya walimu, na nimesema mwenyewe, kwamba tukiacha fimbo ufaulu utaporomoka. Luwero waliipunguza fimbo kwa kiasi kile, na ufaulu haukuporomoka. Hofu yetu kubwa ilipimwa ikakutwa haina mzizi.

Hapa kwetu pia limejaribiwa. Watafiti wa Kitanzania na wenzao wa Ujerumani waliwafunza walimu wa sekondari za serikali kwa takriban juma moja tu: namna ya kuzungumza na mwanafunzi, namna ya kujizuia, namna ya kutuliza darasa bila kipigo. Wakalinganisha na shule ambazo hazikupata mafunzo. Walimu wenyewe na wanafunzi wao, wakiulizwa mbalimbali, walisema vipigo na matusi vimepungua. Matokeo yalichapishwa 2018. Nilisikia habari zake baada ya kustaafu. Utafiti uliofanywa katika shule zetu, kuhusu walimu wetu, ulisomwa ughaibuni kabla ya kufika kwenye ofisi ya mwalimu mkuu wa Nzega au Urambo. Hapo ndipo pengo lilipo, Waheshimiwa. Hatuna upungufu wa watafiti. Tuna upungufu wa njia kati ya utafiti na staff room.

Wengine watataka barua hii iseme neno moja tu: pigeni marufuku. Natamani siku hiyo ifike. Ila Kenya walipiga marufuku mwaka 2001, Uganda wakaweka katika sheria ya watoto mwaka 2016, na katika nchi zote mbili fimbo haikuondoka siku ile sheria iliposainiwa. Kenya walifanya jambo la maana baadaye: walipima ukatili dhidi ya watoto 2010, wakapima tena 2019, na wakaona umeshuka. Sheria inaelekeza. Kipimo ndicho kinachoonyesha kama watu wamefuata.

Na sisi tunayo somo letu kuhusu kufanya jambo moja bila mwenzake. Kati ya 2013 na 2014, shirika la Twaweza liliendesha jaribio la KiuFunza katika shule 350 za msingi hapa nchini. Shule nyingine zilipewa ruzuku, nyingine walimu walipewa motisha kulingana na watoto walivyoweza kusoma na kuhesabu, nyingine zikapewa vyote viwili. Ruzuku peke yake haikuinua alama za watoto. Vilipounganishwa viwili, alama zilipanda. Nalitaja jaribio hilo kwa sababu hata katika nidhamu itakuwa hivyohivyo. Ukimnyang'anya mwalimu fimbo bila kumpa mbinu nyingine, na bila kulipunguza darasa, utakuwa umemwachia kelele tu. Nakumbuka Januari 2016, elimu bila ada ilipoanza. Ilikuwa baraka, naapa, walikuja watoto ambao wasingekuja kamwe. Mwalimu wangu wa darasa la kwanza alisimama mbele ya watoto wengi kuliko madawati, zaidi ya mara mbili ya wale 45 ambao serikali inasema ndiyo idadi ya mwalimu mmoja. Nilipolisoma lile daftari, jina lake ndilo lililojirudia zaidi upande wa wachapaji. Angekuwapo mkaguzi anayehesabu kwa haraka angemwita mkatili. Alikuwa mwalimu bora niliyekuwa naye, amezidiwa.

Ndiyo maana nina hofu na ninyi kidogo, na naomba niiseme wazi. Mkiyasoma madaftari haya ili kumtafuta mwalimu wa kumpeleka Tume ya Utumishi wa Walimu, mwaka wa kwanza mtapata majina, na mwaka wa pili mtapata madaftari matupu. Sitasema walimu ni waongo. Nasema kila mtu akijua kalamu yake ndiyo itakayomfunga, ataiweka chini. Hata sasa vipigo vingi haviandikwi. Mwalimu wa zamu hana daftari getini. Kwa hiyo kitabu cha adhabu peke yake hakitoshi, na kitatosha kidogo zaidi kikiwa silaha. Anayemjeruhi mtoto ana sheria zake na vyombo vyake, na vifanye kazi bila huruma. Ila kitabu kisomwe kama kadi ya kliniki inavyosomwa. Nesi akiona uzito wa mtoto umeshuka hamtukani mama. Anauliza mtoto anakula nini.

Sasa niseme ninavyoona liwezekane, na mnisahihishe wataalamu mlio karibu.

Vishikwambi vilivyotumika kwenye Sensa ya Agosti 2022 viligawiwa kwa walimu. Mwalimu tayari anacho chombo mkononi. Kila mwezi shule itume mambo machache tu kutoka kitabu cha adhabu: makosa yaliyoandikwa, darasa, mvulana au msichana, siku ya juma, na kitongoji anachotoka mtoto. Majina yasitoke nje ya shule. Tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na mtoto wa miaka tisa anastahili ulinzi wake kuliko mtu mwingine yeyote. Asije akakua akakuta mahali fulani kwenye mtambo wa serikali imeandikwa kwamba alikuwa mtoro, ilhali alikuwa anauza vitumbua.

Kabla takwimu hazijaenda popote, zisomwe palepale shuleni. Tunavyo vikao vya MEWAKA, ambako walimu hukaa pamoja kujifunza kazini. Kikao kimoja kwa mwezi wafungue kitabu, waulize kama nilivyouliza mimi: hawa wanaojirudia ni akina nani, wanatoka wapi, wana shida gani? Ninaamini nusu ya kazi itaishia hapo. Sisi baada ya ile likizo tuliongea na wazazi wa ng'ambo ya bonde, tukakubaliana watoto wao wasihesabiwe wachelewaji mvua ikinyesha, na wakubwa wawasubiri wadogo wavuke pamoja. Binti wa vitumbua, tulimwita mama yake. Hakuwa mama mbaya. Alikuwa hajui kwamba mwanawe anachapwa. Yule wa sikio alikwenda zahanati, nikamhamishia dawati la mbele. Hakuna kati ya hayo lililohitaji bajeti.

Halafu watoto wenyewe waulizwe. Si na mwalimu wao, wala si mstarini kwenye paredi. Waulizwe na mtu mwingine, mmoja mmoja, sampuli ya shule chache kila mwaka, kwa maswali yaleyale, ili mwaka huu ulinganishwe na mwaka ujao. Anayeuliza awe amejiandaa kupokea jibu. Kule Luwero, watoto zaidi ya 400 walieleza mambo mazito kiasi cha kupelekwa kwenye huduma za ulinzi wa mtoto. Kumuuliza mtoto akakwambia, kisha ukaondoka na karatasi yako, ni ukatili mwingine.

Na mafunzo yale ya juma moja, au mpango mwingine mtakaouchagua, uanze katika halmashauri chache, shule zikichaguliwa kwa bahati nasibu ya wazi. Shule zitakazobaki zisubiri mwaka mmoja, nazo zipate. Hapo mtajua kwa hakika kama umefaa au haukufaa, kabla ya kuupeleka katika shule za msingi zaidi ya 18,000. Tumezoea kuzindua jambo nchi nzima kwa siku moja, na baada ya hapo hakuna wa kulinganishwa naye. Matokeo yakija, yatangazwe hata kama ni mabaya, kwa Kiswahili, kwa kurasa mbili ambazo Afisa Elimu Kata anaweza kuzisoma akiwa kwenye pikipiki yake kati ya shule na shule.

Muda ni mzuri. Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014, toleo la 2023, inamtaka mtoto akae shuleni kwa lazima miaka 10. Serikali inayomwambia mzazi "ni lazima umlete" imejitwisha kujua mtoto huyo anatendewa nini akishaletwa.

Kuna methali ambayo itanijia kutoka kwa wenzangu wengi, na naiheshimu kwa sababu nimelelewa nayo: mchelea mwana kulia hulia yeye. Wahenga walisema kweli kwamba mtoto hahitaji mzazi mwoga. Ila sijui ni lini tulikubaliana kwamba kulia huko lazima kutokane na fimbo. Mtoto hulia akiambiwa arudie kazi. Hulia akinyimwa kwenda mpirani. Hulia akikalishwa mbele ya aliyemkosea aombe radhi, na kilio hicho ndicho kigumu kuliko vyote. Bibi yangu aliyenilea hakuwahi kunigusa na fimbo, na hakuna mtu niliyemwogopa kumkosea kama yeye.

Fimbo ya shule tunaipenda kama urithi, lakini tujue pia imepitia wapi. Wazee wa huku walikuwa wakisimulia hamsa ishirini, viboko 25 vya enzi ya Mjerumani. Jambo lililonishangaza niliposoma habari za wakati ule ni kwamba Wajerumani walihesabu. Idadi ya waliochapwa iliwekwa katika taarifa za mwaka za koloni, na wabunge wa Berlin wakabishana juu yake. Mkoloni alijua amewachapa wangapi. Sisi watoto ni wetu, na mtu akiniuliza leo ni watoto wangapi waliochapwa katika kata yangu mwezi uliopita, na kwa makosa gani, sina pa kumpeleka, wala ninyi hamna. Jibu limegawanyika katika makabati ya chuma.

Kwa hiyo natoa ombi dogo la kuanzia, lisilohitaji waraka. Ziara yenu ijayo, katika shule yoyote mtakayopita, mkishasaini kitabu cha wageni, ombeni kitabu cha adhabu. Msitazame saini. Kaeni nacho dakika 20, someni ukurasa mmoja kutoka juu mpaka chini, chagueni jina moja linalojirudia, mwombe mwalimu mkuu amwite mtoto huyo taratibu, bila kamera, na mumuulize anaamka saa ngapi.

Mimi niko tayari kuitwa. Daftari langu la miaka ile lilibaki shuleni kama inavyotakiwa, lakini ile karatasi ya majina na vitongoji ninayo mpaka leo. Majina nimeyakata kwa mkasi. Vitongoji na tarehe vimebaki, na nitavileta.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu mstaafu,
Tabora